Je, Wajua? Maajabu ya Santuri Zilizotupwa

Sogea hapa. Shika santuri moja ndogo, ile ya inchi 7, uitazame kwenye mwanga. Unadhani upande mmoja una mifuo mingapi? Mia? Elfu? Ni mmoja tu! Unaanzia ukingoni, unazunguka na kuzunguka, mpaka unafika katikati.

Na je, ukiunyoosha mfuo huo? Wimbo wa dakika 3 kwa kasi ya mizunguko 45 kwa dakika hukupa karibu mita 60. Hiyo ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira, na sindano inautembea wote kabla chai yako haijapoa.

Wajua pia kwamba mfuo wenyewe ni mwembamba kuliko unywele wako? Humo ndani kuna ngoma, magitaa, tarumbeta na mtu anayelia kwa mapenzi. Wote wameenea humo.

Santuri ya vinaili na bomba la maji la plastiki ni ndugu wa damu. Vyote viwili ni PVC. Weusi wa santuri hutokana na masizi yaliyochanganywa humo, kwa sababu PVC yenyewe haina rangi hiyo.

Lakini nani kasema santuri lazima iwe nyeusi? Kampuni ya RCA Victor ya Marekani ilipozindua santuri za 45 mnamo Machi 1949, ilizitoa kwa rangi 7! Kijani kwa muziki wa kantri, njano kwa watoto, nyekundu kwa klasiki. Mteja aliweza kujua anachonunua hata kabla ya kusoma kibandiko.

Mojawapo ya zile za mwanzo kabisa ilikuwa "That's All Right" ya Arthur Crudup. Miaka 5 baadaye kijana mmoja wa Memphis akaurudia wimbo huo, ukawa santuri yake ya kwanza. Jina lake Elvis Presley!

Turudi nyuma kidogo. Zile santuri nzito za babu, za mizunguko 78, unajua zilitengenezwa na nani? Na mdudu! Utomvu wa shelaki hutolewa na mdudu mdogo sana anayeishi kwenye matawi ya miti huko India na Thailand. Dunia nzima ilicheza dansi kwa jasho lake.

Ndiyo maana ukiokota santuri ya 78 yenye vumbi, usiguse spiriti. Spiriti huyeyusha shelaki. Utasafisha mpaka wimbo wenyewe!

Na usiitie sindano ya vinaili. Mfuo wa 78 ni mpana karibu mara 3, kwa hiyo sindano ndogo inaburuzika chini na kukupa mikwaruzo mitupu. Zamani watu walibadilisha sindano ya chuma kila baada ya upande mmoja, na wengine walitumia miiba ya mpungate. Mwiba, ndugu yangu, na muziki ukatoka!

Wakati wa Vita Kuu ya Pili shelaki iliadimika mno. Marekani ilipunguza matumizi yake kwenye santuri kwa asilimia 70 mwaka 1942, na maduka yakawataka wateja walete santuri kuukuu ndipo wauziwe mpya. Hebu fikiria ni nyimbo ngapi zilisagwa ili nyingine zizaliwe. Wakusanyaji wa leo bado wanazililia.

Tuliza moyo, tunaingia kwenye vioja.

Mwaka 1903 kampuni ya Stollwerck ya Ujerumani iliwauzia watoto santuri za chokoleti. Unasikiliza wimbo, ukiuchoka unautafuna!

Huko Leningrad, tangu miaka ya 1940 mpaka ya 1960, vijana walinakili muziki uliopigwa marufuku kwenye filamu za eksirei zilizotupwa na hospitali. Zilikatwa mviringo kwa mkasi, tundu la katikati likachomwa kwa sigara. Ukiiinua dirishani unaona mbavu za mtu, ukiiweka kwenye mashine unasikia jazi.

Bhutan mwaka 1972 ilitoa stempu za posta zinazocheza muziki. Sitanii, stempu! Santuri ndogo zenye gundi nyuma, 7 kwa jumla, zikiwa na wimbo wa taifa na nyimbo za asili. Unabandika kwenye bahasha, unapeleka posta, na anayepokea barua anaipiga.

Na msanii aliyetolewa nakala nyingi kwa mkupuo mmoja unamjua? Nyangumi! Januari 1979 jarida la National Geographic liliweka ndani ya kila nakala santuri laini inayokunjika yenye sauti za nyangumi. Zilitengenezwa 10,500,000. Ukikuta jarida la mwezi huo kwenye rundo la vitabu vya mitumba, fungua katikati utazame.

Haya, sasa tufike pale ninapopapenda zaidi. Kwenye rundo lenyewe.

Mwaka 2002, barabarani New York, mkusanyaji kutoka Kanada alinunua sahani ya majaribio iliyoandikwa kwa kalamu tu. Bei? Senti 75. Ilikuwa rekodi ya awali ya kundi la Velvet Underground, ya mwaka 1966, na baadaye ikauzwa mnadani kwa dola 25,200.

Elvis alirekodi sahani yake ya kwanza kabisa mwaka 1953 kwa pesa yake mwenyewe, kama dola 4. Nyumbani kwao hapakuwa na mashine ya kuichezea, basi akaipeleka kwa rafiki na kuiacha hukohuko. Mwaka 2015 iliuzwa kwa dola 300,000.

Vijana wa Liverpool waliokuja kuitwa Beatles walirekodi mwaka 1958 na kupata sahani moja tu, wakawa wanaachiana kwa zamu. Ilimfikia mpiga piano wao, ikalala kwake zaidi ya miaka 20! Paul McCartney aliinunua kwake mwaka 1981, akatengeneza nakala kama 50 za kugawia watu wake.

Na sasa mfalme wao wote. Mwishoni mwa 1965 Frank Wilson alirekodi "Do I Love You (Indeed I Do)" chini ya kampuni ya Motown, halafu akachagua kuwa mtayarishaji badala ya mwimbaji. Nakala zikaharibiwa. Kwa miaka mingi zilijulikana 2 tu duniani. Moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000 mwaka 2009, na mwaka 2020 bei ikagonga pauni 100,000. Ni dakika mbili na nusu za muziki!

Unajua wimbo huo ulichezwa wapi kwanza mpaka ukawa dhahabu? Kaskazini mwa Uingereza, kwenye miji ya viwanda. Vijana wa huko walipenda muziki wa soul uliofeli Marekani, na ulivyofeli zaidi ndivyo walivyoupenda zaidi. Ukumbi wa Wigan Casino ulifunguliwa 1973, ukafungwa 1981, na watu walicheza usiku kucha mpaka asubuhi.

Madijei wao walikuwa na wivu kama nini! Walifunika kibandiko cha santuri kwa karatasi na kuandika jina la uongo ili mwenzao asiitafute. Frank Wilson mwenyewe alitangazwa ukumbini kama "Eddie Foster".

Wajamaika walikuwa wamewatangulia. Miaka ya 1950 wenye vyombo vya muziki Kingston waliikwangua kabisa lebo ya santuri iliyotoka Marekani. Coxsone Dodd aliiita moja yake "Coxsone Hop", nayo jina lake halisi lilikuwa "Later for the Gator" ya Willis Jackson. Mpinzani wake, Duke Reid, alisaka mpaka akaipata!

Kisha kijana mzaliwa wa Kingston akahamia New York, akawa anaziloweka santuri zake majini mpaka lebo zibanduke, asiibiwe siri. Alijulikana kama Kool Herc, na disko lake la Agosti 1973 huko Bronx ndilo watu wanalolihesabu kuwa siku ya kuzaliwa ya hip hop. Unaona mnyororo ulivyo?

Usidharau upande wa B. Narudia, usidharau upande wa B!

"Tainted Love" ya Gloria Jones ilikuwa upande wa B mwaka 1965, ikafa kimya. Vijana walewale wa Uingereza wakaiokota kwenye mitumba, kundi la Soft Cell likairudia mwaka 1981, ikashika namba 1 Uingereza.

"I Will Survive" ya Gloria Gaynor? Upande wa B, mwaka 1978. "Rock Around the Clock" ya Bill Haley? Upande wa B, mwaka 1954.

Na "Amen, Brother" ya The Winstons, upande wa B wa 1969, ina sekunde kama 6 za ngoma peke yake. Sekunde hizo zimekatwa na kupandikizwa kwenye maelfu ya nyimbo za dunia. Aliyezipiga ni Gregory Coleman. Alifariki mwaka 2006 bila makazi, bila kulipwa chochote kwa hizo nyimbo zote. Ukiipata santuri hiyo, tamka jina lake.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo damu inapochemka.

Je, wajua mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kusikika kwenye santuri alikuwa mtoto wa kijiji cha Fisuni, Unguja? Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Shaaban Robert akaja kumwandikia wasifu. Ukikuta santuri ya 78 yenye jina lake ndani ya kasha la marehemu bibi, ishike kwa mikono miwili!

Miaka michache baadaye HMV ikaanza kutuletea muziki wa Kyuba. Kuanzia 1933 zilikuja santuri za alama ya GV, na GV 1 yenyewe ilikuwa "El Manicero". Zilifuata zaidi ya 200. Unashangaa Morogoro kulikuwa na bendi iliyoitwa Cuban Marimba? Kiongozi wake, Salum Abdallah, hakuhitaji kwenda Havana, Havana ilimfuata kwa santuri.

Kuna santuri nyingine zilizosafiri mbali. Santuri za mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya, na sauti ile ya ajabu ikawafanya wamwone kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey akawarekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba. Jina la wimbo ni "Chemirocha". Tamka haraka haraka uone ni nani!

Mwaka 1952 Tracey huyohuyo alimkuta kijana Jean-Bosco Mwenda na gitaa lake huko Jadotville, leo Likasi, Kongo. "Masanga" ikatoka kwenye santuri, na wapiga gitaa wa Kenya mpaka Ulaya wamejifunza vidole vyake. Mtu mmoja anacheza, wewe unaapa ni wawili.

Daudi Kabaka alipiga "Helule Helule" Nairobi miaka ya 1960. Waingereza wa The Tremeloes wakaidaka, na mwaka 1968 ikapanda mpaka namba 14 kwenye chati ya Uingereza! Ni wangapi waliocheza wimbo ule London wakijua ulizaliwa Kenya?

Umewahi kujiuliza kwa nini santuri zetu huandikwa "sehemu ya 1" na "sehemu ya 2"? Bendi zetu hazikuweza kumaliza wimbo kwa dakika 3. Upande wa kwanza ni maneno na malalamiko, kisha muziki unafifia, unageuza, na upande wa pili magitaa yanawaka moto. Kwangu mimi utamu wote uko huko, na ninamhurumia yeyote aliyesikiliza upande mmoja akaondoka.

Watanzania, hili ni lenu. Bendi nyingi kubwa za Tanzania zilirekodi kanda kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini santuri zikachapwa Nairobi! Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa Februari 1977, njia hiyo nayo ikawa ngumu, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Ndiyo maana santuri ya bendi ya Tanga au Morogoro huenda ukaiokota River Road kabla hujaiona Kariakoo.

Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walipiga mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970. Januari 1979 ajali ya gari ikamchukua Mombasa. Wimbo wake "Shida" bado unalia kwenye vibanda vya santuri za mitumba, na kila anayeusikia huimba pamoja naye.

Wana wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakaingia Nairobi mwaka 1971 na kuunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 bendi ikazaa nyingine, Les Wanyika, na hao wakatupa "Sina Makosa". Tanga, kumbe ulikuwa umebeba nini!

D. O. Misiani, aliyeitwa mfalme wa benga wa Kenya, alizaliwa wapi? Shirati, Tanzania! Jina la Shirati Jazz liko palepale kwenye lebo, watu wanalisoma miaka na miaka bila kushtuka.

Wajua kuna wimbo mkubwa wa Kenya uliopigwa na wanajeshi? Maroon Commandos ni bendi ya Jeshi la Kenya, na "Charonyi ni Wasi" ya 1977 imeimbwa Kitaita. Watu wasiojua Kitaita hata neno moja waliinunua na kuicheza mpaka ikachakaa.

"Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, ile inayoimbwa hotelini kwa watalii, ilitoka kwenye santuri mwaka 1982. Iliuza nakala zaidi ya 200,000! Basi ikikosekana kwenye rundo la Mombasa, hilo rundo halijakamilika.

Mombasa ilikuwa na lebo yake pia, Mzuri, iliyotoa taarabu za pwani kwenye santuri ndogo. Mwimbaji Zuhura Swaleh yumo humo. Ndizo zinazochakaa zaidi, kwa sababu zilipigwa harusini, na harusi ya pwani haiishi mapema.

Na "Kasongo" ya Super Mazembe! Wimbo wa miaka ya 1970, wa Wakongo waliohamia Nairobi. Mwishoni mwa 2024 vijana wa Kenya waliuibua upya mitandaoni kana kwamba ulirekodiwa jana. Kuna watu walikimbia stoo kutafuta santuri ya baba.

Ukitaka kuzitafuta Nairobi, nenda Soko la Kenyatta. Watu huenda pale kwa nyama choma na kusukwa nywele, lakini katikati ya harufu hiyo kuna kibanda kilichosheheni santuri mpaka darini. Barabara ya Tom Mboya nayo ina duka la Melodica, ambalo limehifadhi santuri za tangu miaka ya 1970, nyingine hazijawahi kuguswa na sindano. Mpya za zamani! Hebu niambie utamu gani unazidi huo?

Vuka mpaka kidogo, uende Addis Ababa. Miaka ya 1960 hakuna mtu binafsi aliyeruhusiwa kutoa santuri, amri ya mfalme ilizuia. Kijana Amha Eshete akaamua liwalo na liwe, mwaka 1969 akatoa ya kwanza, ya mwimbaji Alemayehu Eshete, iliyochapwa India. Mpaka mwaka 1975 alikuwa ametoa santuri ndogo 103. Leo wakusanyaji wa Paris na Tokyo wanazigombea.

Unapozipekua, geuza santuri uangalie pale karibu na lebo, sehemu isiyo na muziki. Kuna namba zimechongwa kwa mkono, na hizo hazisemi uongo hata kama lebo imebanduka. Fundi mmoja wa London, George Peckham, alichonga pale maneno "A Porky Prime Cut", na watu wananunua santuri kwa sababu ya maandishi hayo tu.

Ukikuta lebo imetobolewa kitundu cha ziada, hiyo haikuuzwa dukani ikatolewa kwa bei ya kutupa. Watu wengi huipita. Wewe ichukue, kwa sababu muziki haujatobolewa.

Na usiiache garini mchana wa Dar es Salaam. Vinaili hulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa juani haliko mbali na hapo. Zisimamishe wima, kivulini, hazitapinda.

Moja la mwisho, na hili linaninyima usingizi. Mwaka 1930, huko Grafton, Wisconsin, kampuni ya Paramount, iliyomilikiwa na watengeneza viti, iliwarekodi wanaume wa Mississippi waliokuja na magitaa. Santuri ya Son House yenye "Clarksdale Moan" ilipotea kabisa. Vitabu viliitaja, hakuna aliyeisikia. Kisha, zaidi ya miaka 70 baadaye, ikajitokeza nakala moja, na mwaka 2006 dunia ikamsikia.

Ya mwenzake wa safari ileile, Willie Brown, inayoitwa "Kicking in My Sleep Blues", haijaonekana mpaka leo. Hata moja! Mkusanyaji mmoja wa Marekani ametangaza dola 25,000 kwa atakayeileta. Namba yake ni Paramount 13099. Iandike kwenye kiganja.